Dada Yangu na Jina la Ugonjwa Wake

Mama alipofariki, dada yangu alifika Kendu Bay kutoka Nairobi kabla mwili haujatolewa mochari. Alivua viatu, akafunga leso kiunoni, akaingia jikoni, na hakutoka humo mpaka mazishi yakaisha. Sisi wengine tulilia kwa zamu na kulala kwa zamu. Yeye hakulala. Alisonga ugali wa kulisha umati, akapaa samaki, akachambua mchele, akasugua sufuria za kukodi hadi zikang'aa kuliko zilivyokuja. Alikuwa mwembamba na mwepesi, na jasho lilimtiririka shingoni hata alfajiri kukiwa na baridi ya ziwa.

Shangazi yetu, dada yake baba, si mtu wa kusifu. Lakini siku hiyo alisimama mlangoni mwa jiko akapaza sauti ili wake za kaka zetu wamsikie.

"Huyu ndiye nyar dala, msichana wa boma hili. Nyinyi kuteka maji tu mshachoka."

Wake za kaka zetu wakainamia karai. Dada hakuinua macho. Alikuwa akikata vitunguu kwa kasi ambayo nilidhani ni huzuni.

Mimi ndiye mdogo wake. Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Migori, na wakati huo nilikuwa mjane wa miaka kadhaa, mwanangu wa pekee akisoma bweni. Sikuwa nimemwona dada kwa muda mrefu. Tulisalimiana kwa simu wakati wa Krismasi, tukaulizana habari za afya, basi. Nilifurahi kumsikia akisifiwa, maana tangu aachane na mumewe jina lake halikuwa likitajwa kwa wema pale nyumbani.

Wageni walipotawanyika, dada alilala. Alilala kama gogo, jua likatua likachomoza tena akiwa hajageuka. Alipoamka alikula kwa mikono miwili, hasemi na mtu. Kisha akaanza kusema kuna watu nyuma ya ua wa minyaa wanamteta. Tulitazama. Kulikuwa na ndama tu. Akatukasirikia kwamba tunamficha. Shangazi, akitafuta kujua kinachomsumbua, alifungua mkoba wa dada, akatoka na kibomba cha kioo kilichoungua ncha moja.

Familia ilikusanyika sebuleni, kibomba kikawekwa mezani juu ya kitambaa alichofuma mama. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyetangulia.

"Hii ni unga," alisema.

Watu wa kwetu wanaijua chang'aa na wanaijua bangi. Kingine chochote ni unga. Kaka alimshika dada mikono, akaikagua kutoka kiganjani hadi begani akitafuta alama za sindano. Aliona makovu ya mafuta ya kukaangia, ya miaka mingi ya kazi ya upishi, akasema ndizo hizo.

Shangazi yeye aliona chira, ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko. Alituambia aliijua tangu siku dada alipotoka kwa mumewe na ng'ombe wa mahari wasirudishwe. Mchungaji aliyekuja kutuombea aliona pepo. Kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari, kana kwamba alikuja nalo mfukoni akingojea swali. Na wale akina mama waliokula chakula chake siku za matanga wakaanza kukumbuka upya. Mmoja alisema ile mboga ilikuwa na ladha ya dawa. Mwingine akasema tumbo lake halijatulia tangu siku ile. Shangazi, aliyemsifu mlangoni, alisema mbele yangu, "Nilishangaa mimi. Mtu gani anafanya kazi hivyo bila kuchoka?"

Mimi nilijua jina refu la kilichovutwa kwenye kile kibomba, methamfetamini. Nilijua pia inachofanya kwenye mishipa ya fahamu, jinsi inavyoachilia kwa mkupuo mmoja ile kemikali ya furaha ambayo mwili huitoa kwa matone. Nimechora mishipa hiyo ubaoni mara nyingi, chaki ya njano na chaki nyeupe. Dada akageuka kunitazama. Nilisimama nikamshika mkono, nikasema naenda naye hospitali. Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyetusindikiza.

Homa Bay tulipelekwa kwenye chumba cha mwisho cha kliniki, ambako hutibiwa wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa kijana, kola yake imechakaa, sauti yake ya chini. Maswali yake alimuuliza dada mwenyewe, taratibu, si mimi. Hapo ndipo nilipoisikia hadithi yote kwa mara ya kwanza, nimeketi kando kama mgeni.

Alikuwa mpishi katika kampuni inayohudumia harusi na mikutano. Walikuwa wakimaliza karamu moja asubuhi na kuanza nyingine adhuhuri. Msimamizi wake alimpa kitu avute, akamwambia hiki kitakusimamisha. "Nilimaliza magunia ya vitunguu, daktari, na sikusikia mgongo. Nikaona dunia imekuwa nyepesi. Wiki iliyofuata wakanipandisha cheo."

"Walijua?"

"Walijua nafanya kazi."

Daktari alitikisa kichwa polepole. Akatuambia dawa za ukoo huo ziliwahi kutolewa kwa wanajeshi ili wasisinzie vitani, na kwa akina mama waliotaka kupungua mwili, na waliozitoa walikuwa madaktari wenye leseni. "Wakati huo hakuna aliyesema ni mapepo," akasema. "Walisema ni maendeleo."

Niliuliza kama kuna dawa ya kumponya.

"Ya kumeza tukasema imekwisha, hapana. Nitampa za kumtuliza, hayo ya kusikia watu yapungue. Mengine ni usingizi, chakula na watu. Ubongo utajijenga, lakini polepole, miezi mingi. Na akianguka njiani, mrudishe. Kuanguka si mwisho."

"Watu gani?" dada akauliza.

Daktari akanitazama mimi.

Nilimchukua mpaka Migori, kwenye nyumba yangu ya kupanga yenye vyumba viwili. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kumzuia asitoke. Haikuwa hivyo. Kazi ngumu ilikuwa kukaa naye. Asubuhi nilimwacha kwenye kiti cha dirishani, jioni nikamkuta hapo hapo, chai imeganda utando juu. Hakulia, hakugomba. Nilimpikia samaki wa kukaanga, wale aliowapenda tangu utoto, akala kwa adabu kama mtu anayekula ugenini.

"Hupendi?"

"Sijui kupenda ni nini saa hii," akasema. "Usikasirike, mdogo wangu. Si samaki peke yake. Hata wewe nakuona kama ukuta."

Nilijua sababu. Nilikuwa naifundisha. Kemikali imekauka, mishipa imechoka, itachukua muda. Lakini kujua hakupunguzi chochote unapoitwa ukuta na mtu aliyekubeba mgongoni. Nilikwenda kuosha vyombo, nikachelewesha kuosha kwa makusudi.

Majirani walikuja siku za kwanza, wakiwa na maziwa na maswali. Niliwaambia ni uchovu wa matanga. Wakaacha kuja. Kanisani tulikaa benchi la nyuma, na Sabato nyingine dada alikataa kabisa kwenda, nikaenda peke yangu, nikaulizwa anaendeleaje na watu ambao hawakusubiri jibu.

Kliniki tulirudi kila mwezi. Siku moja tulimkuta mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akifanya utafiti, msichana mpole, akamwomba dada amjibu maswali machache.

"Ulianza kwa shinikizo la marafiki, kwa kutaka kujua, ama kwa matatizo ya kifamilia?"

"Kwa vitunguu," dada akasema.

Msichana akacheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Hiyo haiko hapa," akasema kwa haya. "Nitaweka 'mengineyo'."

Njiani dada alirudiarudia neno hilo. Mengineyo. Mengineyo. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu.

Wakati wa Pasaka alipotea. Nilimtafuta stendi, nikamtafuta hospitali, nikaogopa hata kupiga simu nyumbani. Alirudi mwenyewe, midomo imepasuka, macho mapana, akaketi chini jikoni akasema, "Nirudishe kwa daktari." Nikamrudisha. Tulianza tena, kiti cha dirishani, chai iliyoganda. Nyumbani waliposikia, kaka alinipigia simu. "Si nilikuambia? Hao hawaponi. Unapoteza maisha yako." Sikuwa na wa kumwambia neno hilo lilivyoniuma. Mwanangu alikuwa mdogo mno, na mume niliyezoea kumwambia mambo alikuwa kaburini.

Kisha ikaja siku ya kawaida kabisa, mvua inanyesha. Nilikuwa nimepika omena, wale dagaa wa ziwani. Dada alitia tonge mdomoni, akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Akatia tonge la pili.

"Na nyanya hukuziivisha. Nani alikufundisha kupika?"

"Wewe."

"Uongo. Mimi sikukufundisha hivi."

Alisimama, akachukua sufuria, akairudisha jikoni. Nilikaa mezani nikilia kimya, nikimsikia akigonga mwiko ukingoni mwa sufuria jinsi mama alivyokuwa akiugonga.

Kuanzia hapo alirudi kidogo kidogo. Alianza kupika chapati na maharagwe, akawauzia watu karibu na stendi. Chapati zake zilikuwa laini, zenye matabaka, na walimu wenzangu waliagiza za saa nne. Akanunua rinda la kitenge. Akaanza kunidhihaki tena. Nilianza kutembea haraka nikitoka shuleni, kwa sababu kulikuwa na mtu nyumbani.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata shule ilimwalika mgeni kuzungumza na wanafunzi juu ya dawa za kulevya. Tulijaa ukumbini. Alionyesha picha ukutani, uso wa mtu kabla na uso wake baada, mashavu yamebonyea, meno meusi yaliyovunjika. Wanafunzi wakaguna. Kisha akaleta picha ya ubongo yenye rangi, nyekundu hapa, buluu pale, akasema hivi ndivyo unavyooza.

"Ukionja mara moja, umekwisha," alisema. "Huyu si mtu tena. Ni maiti inayotembea."

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Kwa hivyo hawaponi?"

"Hawaponi."

Nilijikuta nimesimama. Sauti yangu ilitoka kama ya darasani, na hilo ndilo lililonisaidia kumaliza. "Samahani, mgeni wetu. Wengine hupona. Ile picha ya rangi haionyeshi kuoza, inaonyesha sehemu zinazofanya kazi kidogo, na nyingi hujijenga zikipewa muda. Ninamjua mmoja. Leo asubuhi amenipikia chai."

Nilikaa. Mimi ni mjane, mwanangu yuko bweni, na shule nzima ilijua ni nani anayeishi nyumbani kwangu.

Kesho yake hakuna mwalimu aliyeagiza chapati. Mmoja, mwanamke tuliyezoeana, alinivuta kando. "Mwalimu, ulisema ukweli. Lakini si ungesema ni rafiki wa Nairobi?" Kwenye chumba cha walimu mikoba ilianza kuhamishwa kutoka karibu na kiti changu. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu kwa upole mwingi, ule wa kusalimia mtu mwenye msiba, na wakawa na haraka.

Stendi ilikuwa mbaya zaidi. Wateja wa zamani walipita upande wa pili wa barabara. Wengine walikuja kutazama tu. Mama mmoja muuza nguo alimwambia, "Hebu cheka kidogo." Dada hakuelewa. "Cheka tuone." Walitaka kuona meno. Meno ya dada ni meupe, yamepangika, ya kumenya miwa. Alicheka, akawaonyesha, na mwenzake yule mama akasema, "Ah, bado hayajaanza."

Jioni hiyo alirudi na chapati zote. Tulizila sisi, nyingine tukazitupa. Nilimwomba msamaha. Alikunja kitambaa alichofunikia chapati.

"Ulinitetea, najua," akasema. "Lakini jana nilikuwa mama chapati. Leo mimi ni picha."

Mteja mmoja tu hakumwacha, mama wa Kikuria anayefanya biashara ya mbuzi, ambaye hakujua mengi ya mjini wala hakuyajali. Alikuwa akipita stendi akienda sokoni Ogwedhi, kule mpakani na Narok, siku ya mnada wa mifugo. Alimwona dada amekaa bure na meza imejaa, akamwambia, "Si uje kwetu? Watu wanashinda njaa pale, wanakunywa chai ya moshi." Dada akaenda naye mara moja. Akaenda tena. Halafu akapanga chumba.

Siku aliyohama nilimsaidia kubeba godoro. Nilimwambia nafurahi, na ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani, nikamwaga chai aliyobakiza kikombeni, nikakaa kwenye kile kiti cha dirishani nione alikuwa akiona nini miezi yote ile. Ni ukuta wa jirani na bomba la maji ya mvua. Hakuna kingine.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumwona. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya uwanja wa ng'ombe, na kilikuwa kimejaa. Wamasai na shuka zao, Wakuria na fimbo zao, Wajaluo waliotoka Uriri, wote wamebanana kwenye mabenchi na bakuli za supu. Dada alikuwa amenenepa. Aliwazomea wanaume wazima kwa Kiswahili cha kule, akachanganya maneno ya Kikuria ambayo sikuyajua, nao wakamtii.

Alinitambulisha. "Huyu mdogo wangu, mwalimu."

Mzee mmoja muuza ng'ombe akasogea kunipa nafasi. "Ndiwe ulimuuguza?"

Nikasema ndiyo.

"Pole sana, mama. Malaria ikipanda kichwani si mchezo. Mimi mke wa ndugu yangu ilimpata, akawa anaongea na miti. Anaona watu hawako. Pole sana."

"Pole," akasema mwingine upande wa pili. "Na Mungu alisaidia akapona."

"Alisaidia," nikasema.

Niliinamia supu yangu. Usingizi ule, maneno yale ya watu nyuma ya ua, kukonda, kukaa dirishani bila kusema, hawa walikuwa wamesikia yote, na walimhurumia. Kilichobadilika ni jina tu. Kendu Bay hakuna aliyetuambia pole. Migori hakuna aliyetuambia pole. Na mimi niliyesimama ukumbini kutetea ukweli nilikuwa nakula supu juu ya uongo, na sikuwa na nia ya kuugusa.

Watu walipopungua tulitoka nyuma ya kibanda kuosha sahani. Dada aliosha, mimi nikasuuza.

"Utaniharibia?" akauliza bila kuniangalia.

"Sitakuharibia."

"Sikupanga kusema. Mama wa mbuzi aliniuliza niliugua nini, nikafungua mdomo, ikatoka malaria. Akanikumbatia. Nikaona, basi iwe malaria." Alipangusa povu mkononi. "Niko sawa. Nalala. Wakichoma maini nasikia harufu, nataka kula. Kliniki bado naenda, kila mwezi, nawaambia naenda kununua unga."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaiweka sahani chini, nikajua kuna kingine.

"Sikiza, mdogo wangu. Sikuonei haya. Lakini nikikuona, nakumbuka kila kitu. Kile kiti, kile kibomba kwenye kitambaa cha mama, siku ile ya kucheka ili waone meno. Hapa natembea siku nzima sikumbuki. Wewe ukiingia pale mlangoni, ninakuwa mgonjwa tena."

"Nisije?"

"Uje. Lakini kidogo kidogo. Na upige simu kwanza."

Alinifungia nyama ya mbuzi kwenye karatasi, akaniongezea na figo, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono. Watu walimwita huku na huku kwa jina jipya walilompa, nao walikuwa wengi. Nilipopata gari nilitazama nyuma kumpungia. Alikuwa ameshageuka, akibishana na kijana aliyeleta kuni mbichi.

Miaka imepita, na sasa nakwenda likizo kwa likizo, na zingine siendi. Nimeomba uhamisho wa shule, sijajibiwa. Mwanangu amemaliza bweni, akapata chuo mbali. Walimu wapya hawajui habari ile, na wa zamani wamesahau au wanajifanya, lakini ile tabia ya kukaa kiti cha mbali nimeizoea mimi mwenyewe, siwasubiri tena wahamishe mikoba.

Jumamosi baada ya ibada dada hunipigia. Tunaongea juu ya mvua, juu ya barabara ya Ogwedhi, juu ya mbuzi waliougua midomo. Ugonjwa wake hatuutaji kwa jina lolote. Juzi nilisikia kelele nyingi nyuma yake, vicheko, mtu akiomba chumvi. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Nilikuwa hata sijawasha jiko.